Peke Yako Barabarani: Joto, Mvua na Baridi kwa Msafiri wa Baiskeli Mkoani Katavi

Mkoani Katavi baiskeli si chombo cha michezo pekee. Ndiyo inayompeleka mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kaya za pembezoni, ndiyo inayomfikisha mkulima gulioni na gunia lake la mahindi, na mara nyingine ndiyo inayomleta mgonjwa zahanati akiwa ameketi nyuma kwenye keria. Wapo pia wasafiri wa masafa marefu, wenyeji na wageni, ambao hufunga mizigo yao kwenye baiskeli na kukata mamia ya kilomita wakiwa peke yao: kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga, kutoka Mpanda kwenda Tabora kupitia Koga, au kuteremka Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika.

Makala haya yanaeleza namna hali ya hewa inavyoweza kumdhuru msafiri huyo, na namna ya kumkinga na kumtibu. Jambo moja linastahili kutajwa mapema, kwa kuwa ndilo linaloongoza maelezo yote yanayofuata. Joto kali na baridi kali, ingawa ni vitu vinavyopingana, vina tabia moja inayofanana: vyote viwili huvuruga ubongo kabla mgonjwa hajatambua kwamba anaumwa. Msafiri aliye na wenzake huokolewa na macho ya wenzake. Msafiri aliye peke yake hutegemea akili yake mwenyewe, nayo ndiyo inayoharibika kwanza.

Nchi na majira yake

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Makao makuu yake, Mpanda, yako kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea kusini, barabara hufika Sitalike kwenye Mto Katuma, kilomita zipatazo 35 kutoka mjini, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Ng'ambo ya hifadhi, njia moja hushuka kuelekea Kibaoni na bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Njia nyingine hupanda Lyamba lya Mfipa hadi kwenye nyanda za juu za Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi.

Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hadi 7 kila unapopanda mita 1,000. Hivyo, msafiri anayetoka bondeni mwa Rukwa na kupanda Ufipa hubadilisha hali ya hewa ndani ya siku moja au mbili, bila kubadilisha nguo alizovaa. Mvua nazo huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili; miezi iliyosalia ni kiangazi. Kutokana na hayo, msafiri wa baiskeli hukabiliwa na vipindi vitatu vyenye hatari tofauti. Cha kwanza ni cha joto, kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza. Cha pili ni cha mvua zenye radi na mafuriko. Cha tatu ni cha alfajiri za baridi na upepo wa nyanda za juu, mwezi Juni na Julai.

Kwa nini mwendesha baiskeli hupata joto kuliko anavyodhani

Misuli ya mguu inaponyonga pedeli, takriban robo tu ya nishati inayotumika hugeuka kuwa mwendo. Robo tatu iliyobaki hugeuka kuwa joto ndani ya mwili, na joto hilo lazima litolewe nje. Hewa inapokuwa na joto linalokaribia lile la ngozi, njia pekee yenye nguvu inayosalia ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto la takriban kilokalori 580. Lakini ni lazima likauke. Jasho linalodondoka chini hupoteza maji na chumvi bila kuupoza mwili.

Baiskeli ina faida moja: hutengeneza upepo wake. Upepo huo hukausha jasho haraka, na ndiyo maana msafiri huweza kusafiri saa nyingi juani akijihisi vyema. Faida hiyo hutoweka katika mazingira manne ambayo inafaa yafahamike.

La kwanza ni mlima. Kwenye mwinuko mkali mwendo hushuka hadi karibu na mwendo wa miguu, upepo hukoma, na wakati huohuo misuli hufanya kazi kubwa zaidi. La pili ni upepo wa kisogoni. Wakati wa kiangazi upepo mwingi wa ukanda huu hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mtu anayetoka Sumbawanga kwenda Mpanda mara nyingi husukumwa na upepo. Hufurahia wepesi wa safari, lakini ikiwa mwendo wake ni sawa na mwendo wa upepo, hewa inayomzunguka imesimama, na jasho halikauki vizuri. La tatu ni unyevu. Mvua za kwanza za Novemba zinapokaribia, joto bado liko juu huku hewa ikiwa imejaa mvuke. Jasho hutiririka badala ya kukauka. La nne ni kusimama ghafla. Upepo hukatika wakati mwili bado umejaa joto, na damu iliyokuwa ikisukumwa na misuli hutuama miguuni. Wengi hupata kizunguzungu, hata kuzirai, dakika chache baada ya kushuka kwenye baiskeli, si wakati wa kuendesha.

Mwili unaweza kuzoezwa joto. Mtu anayefanya kazi au mazoezi kwenye joto kwa siku 7 hadi 14 huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, jasho lake hupungua chumvi, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Mazoea hayo hupotea polepole ndani ya majuma machache mtu akikaa mahali pa baridi au akiugua. Kwa hiyo mgeni aliyefika kwa ndege wiki iliyopita, na mwenyeji aliyetoka kuugua malaria, wote wawili ni wageni mbele ya jua la Oktoba.

Maji, chumvi na makosa mawili

Anayeendesha baiskeli kwenye joto hupoteza takriban lita moja ya jasho kwa saa, na wengine hupoteza zaidi. Kosa la kwanza, lililo maarufu, ni kunywa kidogo. Dalili zake ni mdomo mkavu, kiu, kichwa kuuma, mkojo mchache wenye rangi ya njano iliyokolea, na mapigo ya moyo kwenda mbio hata wakati wa kupumzika. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kahawia iliyoiva, na misuli ikiwa inauma sana, si kiu tu: inawezekana misuli imeumia na kumwaga sumu zake kwenye damu, na figo ziko hatarini. Safari ikome hapo, na mtu apelekwe kituo cha afya.

Kosa la pili halijulikani sana, nalo ni kunywa maji matupu kupita kiasi. Mtu akipoteza chumvi kwa jasho siku nzima kisha akajaza lita baada ya lita za maji yasiyo na chumvi, kiwango cha sodiamu kwenye damu hushuka, na maji huingia ndani ya seli za ubongo na kuzivimbisha. Huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kupata degedege. Dalili hizi hufanana na za joto, na wasamaria wema humwongezea maji. Ishara ya kutofautisha ni historia: amekunywa sana, tumbo limejaa, anakojoa maji meupe, na pengine vidole na uso vimevimba.

Njia ya kati ni kunywa kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa kufuata kiu, na kurudisha chumvi. Pakiti moja ya ORS huchanganywa katika lita moja ya maji safi, si chupa ndogo wala si ndoo. Glukosi iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu: kwenye ukuta wa utumbo mdogo, glukosi na sodiamu huingia pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huzifuata. Pasipo na pakiti, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, hutosha kwa lita moja ya maji safi. Chakula cha kawaida nacho husaidia: ugali na dagaa wa Tanganyika waliotiwa chumvi hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea kwa jasho.

Kuhusu upatikanaji wa maji, msafiri asitegemee mito. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua na kubaki mabwawa, na viboko na mamba hujazana humo. Kuinama ukingoni kuchota maji ni hatari kubwa kuliko kiu yenyewe. Maji yachukuliwe vijijini, yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini.

Mvua, upepo na baridi

Wasomaji wengi watashangaa kuona baridi ikitajwa kama hatari nchini Tanzania. Wanaosafiri kwa baiskeli peke yao katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, kama Norway na Uskoti, wanafahamu kwamba baridi inayodhuru si lazima iwe ya theluji. Mvua na upepo kwenye hewa iliyo nyuzi kadhaa juu ya sifuri hutosha kabisa, ikiwa mtu amelowa, amechoka na hajala. Maji huhamisha joto la mwili kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa. Fulana ya pamba iliyolowa hugeuka kuwa njia ya kutolea joto, na upepo hukamilisha kazi.

Mazingira hayo yapo kwetu. Chukua mfano wa mtu anayepanda kutoka Kizi kuelekea Ufipa alasiri ya Januari. Amepanda kwa saa tatu, fulana imelowa jasho, ameishiwa chakula. Mvua inanyesha na upepo unavuma. Akifika juu, njia inakuwa tambarare au mteremko: misuli inapumzika na kuacha kutoa joto, huku mwendo ukiongezeka na upepo ukizidi. Kilichokuwa kikimpoza vizuri wakati wa kupanda sasa kinamnyang'anya joto asilo nalo. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo huitwa hipothemia. Mwanzoni mtu hutetemeka kwa nguvu. Joto likikaribia nyuzi 32, kutetemeka hukoma, naye hujihisi ametulia. Utulivu huo ni dalili mbaya.

Kinga yake haina gharama kubwa. Shati kavu na soksi kavu zifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, wala zisivaliwe mpaka kupanda kumalizika. Kabla ya kuteremka, koti la mvua livaliwe juu ya shati kavu. Asiye na koti anaweza kutandaza kurasa za gazeti kifuani, ndani ya shati, zizuie upepo. Chakula kiliwe kabla ya njaa, kwa kuwa kutetemeka huchoma sukari nyingi ya mwili. Pombe isitumiwe kamwe kujipasha joto: hutanua mishipa ya ngozi, mtu akajihisi ana joto wakati joto la ndani likitoroka.

Mvua za Katavi huja na radi. Mwanga wa radi ukionekana, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko karibu kiasi cha kukupiga. Acha baiskeli, ingia kwenye nyumba imara au ndani ya gari, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mti uliosimama peke yake na kibanda cha nyasi si kimbilio. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: aguswe mara moja, na kama hapumui na moyo umesimama, aanze kukandamizwa kifua na kupewa pumzi. Wengi wa wanaoonekana wamekufa huweza kurejea wakisaidiwa dakika hizo za mwanzo.

Vilevile, daraja au mkondo uliofunikwa na maji yanayokwenda kasi usivukwe, hata kama maji yanaonekana kufika magotini tu. Baiskeli yenye mizigo huzuia maji, na mwenye kuishika husombwa pamoja nayo.

Akili hutangulia kuharibika

Mpolandi Kazimierz Nowak aliivuka Afrika peke yake kati ya mwaka 1931 na 1936, kutoka Libya hadi kusini kabisa mwa bara na kurudi kaskazini, mwendo wa takriban kilomita 40,000, sehemu kubwa kwa baiskeli. Alirudi kwao akiwa amedhoofishwa na malaria, na mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 40, alifariki. Watu wa namna yake hawakosi ujasiri wala ustahimilivu. Lakini ustahimilivu una upande wake wa hatari: humfundisha mtu kupuuza maumivu, na msafiri wa peke yake akizoea kupuuza maumivu hujikuta amepuuza na onyo.

Ubongo ni kiungo chepesi kuguswa na mabadiliko ya joto. Katika joto kali, damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi, maji hupungua, na seli za ubongo huanza kufanya kazi vibaya. Katika baridi, kasi ya shughuli za seli hizo hushuka. Matokeo yanafanana kwa kiasi cha kushangaza: mtu hukasirika bila sababu, ulimi huwa mzito, vidole hushindwa kufunga kifungo, miguu hujikwaa, na maamuzi huwa ya ajabu. Aliye kwenye joto huongeza mwendo ili "amalize kipande hiki" badala ya kutafuta kivuli. Aliye kwenye baridi huacha kuvaa koti lililomo mkobani, na wengine katika hatua za mwisho huvua hata nguo walizo nazo. Hakuna hata mmoja kati yao anayejiona mgonjwa.

Kutokana na hayo, ushauri wa kumwambia msafiri "ukijisikia vibaya, simama" hautoshi. Unamtaka atumie kipimo ambacho kimeshaharibika. Kinachofaa ni kuamua mambo kabla ya kuondoka, akili ikiwa nzima, na kuyafuata njiani kama amri iliyokwisha kutolewa na mtu mwingine.

Amri ya kwanza ni ya saa. Katika miezi ya joto, endesha kuanzia alfajiri kunapopambazuka hadi saa 4 asubuhi, pumzika kivulini, kisha endelea kuanzia saa 10 alasiri hadi kabla ya jua kuzama. Saa hizo zisijadiliwe njiani, hata kama kijiji kinachofuata kinaonekana kwa macho. Safari ya usiku isitumiwe kukwepa jua, kwa sababu ya wanyama na magari.

Amri ya pili ni ya kujipima. Kila baada ya saa moja, simama, kisha fanya mambo matatu: fungua na ufunge kifungo kimoja cha shati, taja kwa sauti majina ya vijiji vitatu vinavyofuata, hesabu kurudi nyuma kutoka 30 kwa kuruka tatu tatu. Ukishindwa lolote kati ya hayo ambalo asubuhi uliliweza, safari ya siku hiyo imekwisha. Tafuta kivuli au makazi, na tafuta watu.

Amri ya tatu ni ya taarifa. Mtu mmoja unayemwamini ajue njia yako, mahali utakapolala na saa utakayopiga simu, na ajue la kufanya saa hiyo ikipita. Mtandao wa simu hukatika katika maeneo ya pori, kwa hiyo saa za kupiga simu zipangwe kwenye vijiji, si katikati yake.

Amri ya nne inahusu hifadhi. Barabara inayopita ndani ya Hifadhi ya Katavi ina simba, tembo, nyati na mbung'o wengi. Ulizia kwa askari wa hifadhi kabla ya kuingia, na kuwa tayari kuipakia baiskeli kwenye basi kwa kipande hicho. Kupanda basi hakuipunguzii safari heshima yake.

Wenye maradhi ya kudumu

Baadhi ya wasomaji wetu wana maradhi ya muda mrefu na wanatumia baiskeli kila siku. Hawakatazwi kusafiri, ila wanahitaji mazungumzo na mtaalamu kabla ya safari ndefu.

Mwenye selimundu hudhuriwa na pande zote mbili: upungufu wa maji na baridi, kila kimoja kwa nafasi yake, huweza kuchochea maumivu makali. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari njiani, na dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, zikadhaniwa kuwa ni za jua au za baridi. Tena insulini yenyewe huharibiwa na joto la mkoba uliokaa juani. Mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji na chumvi kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Dawa zisiachwe bila ushauri. Huenda kinachohitajika ni kubadilisha muda wa kuzimeza au kufupisha safari.

Tahadhari moja inawahusu wote. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kwa urahisi madukani na humezwa na wengi kutuliza maumivu ya miguu na mgongo. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizi huzinyima figo damu na zinaweza kuzidhuru vibaya. Anayeumwa misuli baada ya siku ya jua anywe, ale, apumzike. Akihitaji dawa, parasetamoli ni salama zaidi kwa figo.

Kwa mhudumu wa zahanati

Msafiri akiletwa akiwa na joto la mwili lililofika nyuzi 40 au zaidi na akili iliyochanganyikiwa baada ya kazi au safari kwenye joto, hicho ni kiharusi cha joto. Jina hili lisichanganywe na kiharusi cha mishipa ya ubongo. Kipimajoto cha kwapani huonyesha kiwango cha chini kuliko hali halisi, kwa hiyo cha njia ya haja kubwa ndicho cha kuaminika. Kikikosekana, akili iliyovurugika inatosha kuanza matibabu.

Kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Kila dakika ambayo ubongo na ini vinapikwa huongeza madhara, na gari la wagonjwa linaweza kuchukua saa. Mvue nguo za nje. Kama kuna pipa, beseni kubwa au turubai linaloweza kushikwa na watu pembeni likawa kama hodhi, mlaze ndani, mtie maji ya baridi hadi shingoni, na mtu mmoja amshike kichwa asizame. Yasipopatikana maji ya kutosha, mlowanishe mwili mzima mfululizo na mpepee kwa nguvu. Lengo ni kushusha joto hadi nyuzi 39 ndani ya dakika 30, kisha acha kupoza ili lisishuke kupita kiasi. Parasetamoli haina msaada hapa, kwani joto hili halitokani na homa. Pima sukari. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe kitu chochote, na maji ya mishipa yatolewe kwa uangalifu ikiwa historia inaonyesha alikunywa maji mengi matupu.

Akiletwa akiwa amelowa, wa baridi na mzito wa ulimi, kumbuka kwamba vipimajoto vingi vya kawaida haviendi chini ya nyuzi 35. Kipimo kikisoma 35, au kikikataa kusoma, maana yake inaweza kuwa mgonjwa yuko chini ya hapo. Mwondolee nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, na umtenganishe na sakafu kwa godoro au mkeka mnene. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani. Akiwa na fahamu nzuri, apewe chai ya moto yenye sukari. Asisuguliwe miguu na mikono, na ahamishwe taratibu, kwa kuwa moyo uliopoa huweza kubadili mapigo kwa mtikisiko mdogo.

Hatimaye, si kila homa ya msafiri ni ya jua. Malaria ipimwe kwa kila mwenye homa. Aliyepita maeneo yenye mbung'o, naye mbung'o huvutwa na vitu vinavyotembea na rangi nyeusi au buluu iliyokolea, anaweza kuwa na malale. Aina inayopatikana katika ukanda wetu huenda haraka: homa, kichwa kuuma, tezi kuvimba, na wakati mwingine kidonda kigumu chekundu mahali alipoumwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuiona. Homa ikiendelea baada ya kipimo hicho kutoonyesha kitu, omba damu iangaliwe kwa hadubini, na mweleze mtaalamu wa maabara kwamba mgonjwa amepita porini. Huenda akaviona vimelea kwenye kioo kilekile anachotafutia malaria.

Salamu kama kipimo

Katika vijiji vya Katavi msafiri hapiti kimya. Huulizwa ametoka wapi, anakwenda wapi, na habari za huko atokako. Wasafiri wenye haraka hujibu kwa kupunga mkono. Kitaalamu, hiyo ni fursa inayopotea. Mtu anayesimama kwenye genge au kijiwe cha bodaboda na kujibu salamu kwa ukamilifu amejiweka mbele ya macho na masikio ya watu wasio na uchovu wake. Wao watasikia ulimi mzito, wataona macho yaliyolegea, watashangaa jibu lisiloendana na swali. Amepata, kwa dakika mbili, mwenzake ambaye hakuwa naye njiani.

Kwa hiyo tunawashauri wasafiri waifanye salamu kuwa sehemu ya ratiba, sawa na maji na kujipima. Na tunawaomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawafundishe wenye magenge, madereva wa bodaboda na wazee wa vijiji vya kando ya barabara jambo moja jepesi: msafiri wa baiskeli akijibu ovyo, akiyumba, au akiwa mkali bila sababu, asiachwe aendelee. Akalishwe kivulini kama ni joto, au karibu na moto kama ni mvua, na aitwe mhudumu. Huenda akakataa na kusema yuko salama. Kukataa huko, kwa mtu aliye katika hali hiyo, ni sababu nyingine ya kumzuia.